Siku tatu za kimya zilivyovunja imani ya miaka miwili kwenye timu yetu: tunajengaje kuaminiana na watu tusioonana nao?

#1 Mshona Nyavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Nimeona nilimwage hapa, maana najua humu tuko wengi tunaofanya kazi kila siku na watu ambao hatujawahi hata kushikana nao mikono. Ni refu kidogo, nivumilieni.

Timu yetu ina watu 8, ukimwacha kiongozi. Tunatunza programu ya kukokotoa mishahara. Watano tunakaa chumba kimoja, meza zinatazamana. Watatu wako mbali, kila mmoja na nchi yake, na mmoja wao saa zake ziko nyuma ya zetu kwa saa 7. Huyo ndiye mwenye habari hii, nitamwita Mwenzetu. Tumefanya naye kazi miaka miwili, na katika miaka hiyo sikumbuki kazi yake kurudishwa zaidi ya mara mbili.

Jumatatu akakabidhiwa sehemu ya makato. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Nikituma ujumbe kwenye kundi naona watu 6 wamesoma, wa 7 hajasoma. Jumatano mchana mmoja wetu, kasimama dirishani na kikombe mkononi, akasema, "Huyu atakuwa kapata kazi nyingine." Hakuna aliyempinga. Mimi nikaongezea kwamba hata kwenye kikao kilichopita hakuzungumza sana. Mwingine akakumbuka faili alilochelewesha mwaka jana. Haikuisha robo saa, mtu ambaye Ijumaa alikuwa tegemeo letu akawa mtu asiyejali kazi, na ushahidi wote tuliokuwa nao ni kwamba hakuna meseji. Alasiri tukaichukua ile kazi tukampa mwingine. Hatukumwandikia.

Alhamisi jioni akaingia. Kumbe transfoma ya mtaani kwao iliungua Jumatatu usiku, na mtandao wa simu nao ukawa wa kushika na kuachia. Jumanne alifunga safari kutafuta mahali penye intaneti, akaandika kila kitu: amefika wapi, kimebaki nini, faili liko wapi. Akamtumia kiongozi wa timu peke yake, akijua atatufikishia wote. Kiongozi alikuwa ameanza likizo Jumatatu ileile. Sisi watano tulimuaga mlangoni tukamtakia mapumziko mema. Wale watatu wa mbali hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Sisi habari ya likizo tulikuwa tunaiona kila tukigeuka, kwenye kiti kitupu. Yeye hakuwa na kiti cha kutazama.

Alipofungua akakuta kazi yake ina jina la mtu mwingine. Akaandika, "Nimeona. Sawa."

Tangu siku hiyo kazi anafanya, tena vizuri, na anajibu kwa wakati. Lakini hauliziulizi tena. Haleti wazo. Hapingi kitu. Zamani alikuwa hamalizi kikao bila kusema "hapo sikubaliani nanyi". Sasa ni "sawa" mwanzo mwisho, na kila nikiisoma hiyo "sawa" naumia.

Nikaanza kusoma ili nielewe tulichofanya. Mwaka 2001 mtafiti anayeitwa Catherine Cramton alichapisha utafiti wake katika jarida la Organization Science. Alifuatilia timu za wanafunzi waliotawanyika vyuo mbalimbali wakifanya kazi moja kwa njia ya kompyuta, akazipitia barua walizoandikiana. Akaona matatizo matano yanajirudia, na moja lilinifanya niiweke kando simu nitafakari: ugumu wa kujua maana ya kimya. Mtu wa mbali akinyamaza, huenda amekubali, huenda amekataa, huenda ujumbe haujamfikia, huenda yuko safarini, huenda hajui kwamba anasubiriwa. Na kwa kuwa mazingira yake hatuyaoni, tunamlaumu mtu badala ya hali iliyomkuta. Ni sisi kabisa, siku ile ya Jumatano.

Ninachoamini sasa ni hiki. Umbali wenyewe hauvunji imani. Kinachoivunja ni kimya ambacho hakuna mtu aliyepewa jukumu la kukieleza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye timu ya mbali ule mshindo tunautunga wenyewe, halafu tunauamini.

Maswali yangu kwenu wenye uzoefu: mlijengaje kuaminiana na watu msioonana nao? Na kukishavunjika, kunarudije?

#2 Kipimajoto

Mkuu, hapo kwenye "hakuna aliyempinga" umenishika pabaya. Mimi nimekuwa upande wa Mwenzetu. Nilikuwa nauguza mtu wa nyumbani, nikamwandikia msimamizi barua ya kuomba ruhusa, na wenzangu hawakuambiwa. Niliporudi nilipokelewa kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu zamani tulikuwa tunataniana.

Nafuatilia huu uzi.

#3 Mzee wa Meza

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila mimi nitakupinga kidogo. Unasema umbali hauvunji. Umbali unavunja, tena sana.

Miaka ya 1970 Thomas Allen wa chuo cha MIT alipima ni mara ngapi wahandisi wanazungumza kazi kulingana na umbali wa meza zao. Mawasiliano yanaporomoka kwa kasi katika mita za mwanzo tu, na ukifika mita 50 hivi yamebaki machache mno. Hao ni watu wa jengo moja! Sasa wewe una mtu wa saa 7.

Halafu kuna jaribio la Elena Rocco la mwaka 1998. Watu walicheza mchezo ambao wote wakishirikiana wote wanafaidi, lakini mmoja akiwageuka wenzake anafaidi zaidi peke yake. Waliojadiliana ana kwa ana walishirikiana. Waliojadiliana kwa baruapepe pekee, ushirikiano ukavunjika. Sehemu nzuri ni hii: kikundi kilichokutana kwanza uso kwa uso kikafanya shughuli pamoja, ndipo kikahamia kwenye baruapepe, kiliweza kushikilia ushirikiano wake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kizamani na siuonei haya. Wakutanisheni watu mwanzoni. Mashirika mengi yanatunza hela ya nauli mpaka mwisho wa mwaka waje kupongezana. Hapo mmechelewa. Leteni watu wiki ya kwanza ya kazi, na msiwape michezo ya kurushiana mipira. Wapeni kazi halisi, ngumu, wakae meza moja waimalize. Mtu ukishamwona anavyokuna kichwa akitafuta kosa, siku akinyamaza mtandaoni utamwona kichwani mwako anakuna kichwa. Asipokuwa na sura, utamchorea sura mwenyewe, na mara nyingi utamchora vibaya.

Asiyekuwepo na lake halipo. Msemo huu haukutungwa bure.

#4 Bawa la Pili

Mzee wa Meza, heshima yako. Mimi natoka kwenye mafunzo ya usalama wa anga, na nina neno juu ya hiyo "ana kwa ana", kwa sababu funzo letu kubwa lilitoka kwa watu watatu waliokaa karibu kiasi cha kugusana mabega.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, uwanja uliokuwa ukiitwa Los Rodeos. Ndege nyingi zilikuwa zimeelekezwa hapo baada ya bomu kulipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani. Ukungu umetanda. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zote ziko kwenye njia ileile ya kurukia na hazionani. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mzito katika shirika lake, mkufunzi wa marubani wa ndege hizo. Rubani msaidizi aliyekaa kando yake alikuwa amepimwa na kupitishwa kurusha ndege hizo na yeye huyohuyo, wala haukupita muda mrefu.

Mara ya kwanza rubani mkuu aliposukuma nguvu za injini, msaidizi alimkumbusha kwamba hawajapewa ruhusa. Akarudisha. Muda mfupi baadaye akasukuma tena, na ruhusa ya kuruka ilikuwa bado haijatolewa. Safari hii msaidizi hakumzuia. Fundi wa ndege, aliyekaa nyuma yao, akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Akauliza kwa swali, hakusema "simama". Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Watu 583 walikufa.

Huyo fundi alikuwa na shaka sahihi. Alikuwa na macho, masikio, na mwenzake alikuwa umbali wa mkono. Alichokosa ni uhakika kwamba shaka yake itapokelewa. Chumba kimoja hakikumpa uhakika huo.

Baada ya ajali hiyo na nyingine za namna yake, NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha mwaka 1979, na huko ndiko yalikotoka mafunzo ya wafanyakazi wa ndege kushirikiana na kuambiana ukweli bila kujali cheo. Kumbukeni marubani wengi hukutana na wenzao wa siku hiyo kwa mara ya kwanza saa moja hivi kabla ya safari. Hawana wiki ya kukaa meza moja. Wana dakika chache, na katika dakika hizo rubani mkuu mzuri anasema wazi: ukiona nimekosea, niambie papo hapo, nitakushukuru. Halafu akiambiwa, anashukuru kweli. Kile kitendo cha pili ndicho kinachofanya maneno ya kwanza yaaminike.

Mshona Nyavu, ile Jumatano hata mliokuwa chumbani mlikuwa na kimya chenu. Nina hakika mmoja wenu hakukubaliana na maneno ya dirishani.

#5 Mshona Nyavu

Bawa la Pili, nimesoma maneno yako ya mwisho nikaenda kuuliza. Kweli. Dada mmoja kwenye timu aliniambia alijua si tabia ya Mwenzetu, ila aliona wote tumeshaamua, akaona akisema ataonekana anamtetea. Miezi yote tunakaa meza zinazotazamana na sikulijua hilo.

Mzee wa Meza, nakubali nilirahisisha. Umbali unapunguza nafasi za kueleza kimya. Lakini naona hata wewe mwisho umefika kwenye jambo lilelile: sura inasaidia kwa sababu inatupa la kuweka mahali pa kimya.

#6 Bi. Ratiba

Salaam wanajamvi. Nimeongoza timu za mtandaoni kwa miaka 6 sasa, wengine sijawahi kuonana nao hadi leo, na nawaamini kuliko baadhi ya niliokaa nao ofisi moja. Niseme ninayoyajua.

Kuna kitu wataalamu watatu, Meyerson, Weick na Kramer, walikiandika mwaka 1996 kuhusu vikundi vya muda: watu wanaoletwa pamoja kwa kazi fupi, kama kikosi cha kupiga filamu au cha dharura. Hawana historia, lakini wanaanza kazi wakiaminiana palepale, kwa kutazama nafasi ya mtu na taaluma yake. Ni imani ya mkopo. Kila mtu anamkopesha mwenzake, halafu kazi ndiyo inayolipa au kushindwa kulipa.

Miaka mitatu baadaye Jarvenpaa na Leidner wakachapisha utafiti wa timu za wanafunzi wa nchi mbalimbali waliofanya kazi kwa kompyuta tu bila kuonana. Wakakuta imani hiyo ya haraka ipo hata mtandaoni, ila ni dhaifu, inavunjika upesi. Timu zilizoishikilia zilikuwa na mambo yanayofanana: walianza kwa uchangamfu, wakajuana kidogo kama watu, kisha wakaingia kwenye kazi, na majibu yao yalikuwa yanatabirika, tena yenye maudhui. Nasisitiza neno kutabirika. Mtu anayejibu meseji 30 leo na kupotea wiki nzima anachosha imani kuliko anayejibu mara moja kila jioni bila kukosa.

Kwenye timu yangu sheria ni moja: ukipata ujumbe wa kazi, hata kama huna jibu, sema umeupata na utaujibu lini. "Nimeipata. Nitaipitia kesho kabla ya mchana." Hizo sekunde tano zinaua uvumi wote wa dirishani. Na kesho ikifika hujaipitia, andika hujaipitia. Nimewaambia watu wangu kwamba kuchelewa kwa taarifa si kosa kwangu, kosa ni kuniacha nikisie.

Ukipata udhuru, mjulishe kila mtu, siyo kiongozi tu. Kiongozi ni mtu mmoja, naye huumwa, huenda likizo, husahau. Mwenzetu alipotuma taarifa kwa mtu mmoja alifanya kosa dogo la njia. Nyinyi kutomwambia kwamba mtu huyo hayupo lilikuwa kubwa zaidi.

Na saa! Naomba niseme hili kwa sisi wa Kiswahili hasa. Niliwahi kuandika kwenye kundi, "Kesho tukutane saa tatu." Mmoja akaingia saa tatu asubuhi pamoja nasi. Mwingine, ambaye kwa miaka amezoea kusoma saa za kompyuta, akaona 3, akaingia saa tisa alasiri na kukuta kikao kimekwisha zamani. Hakuuliza. Alikaa wiki mbili akiamini tulikutana kwa siri tukamwacha makusudi. Niligundua kwa bahati tu, nilipomuuliza mbona siku hizi hafungui mdomo. Tangu hapo naandika 09:00, asubuhi, na naandika ni saa za wapi. Kuna watu wamechukiana kwa tofauti ya saa sita ambayo hakuna aliyeikusudia.

#7 Kijana wa Zamu

Shikamoo Bi. Ratiba. Mnisamehe kama natoka nje ya mada.

Bosi wangu ameweka programu inayopiga picha skrini zetu kila dakika 10, na anataka kamera ziwe wazi kutwa nzima. Anasema "nikiwaona ndiyo nitawaamini". Tunafanya kazi kutoka nyumbani. Mimi sijaiba hata dakika, lakini nimeanza kusogeza kipanya cha kompyuta nikiwa nafikiri, ili tu nionekane nafanya kazi. Nimjibu vipi?

#8 Bi. Ratiba

Marahaba mwanangu, wala hujatoka nje ya mada.

Mwaka 1995 Mayer, Davis na Schoorman walitoa maana ya imani kazini ambayo watafiti wengi wanaitumia mpaka leo. Kwa maneno yangu: ni kukubali kujiweka mikononi mwa mwingine ukitarajia atafanya jambo lenye uzito kwako, hata kama huna njia ya kumchunga. Ukitazama vizuri, kamera ya kutwa nzima inaondoa sehemu ileile inayofanya imani iwe imani. Anachopata bosi wako ni ulinzi. Ulinzi una mahali pake, lakini aujue kwa jina lake.

Hao watatu walisema pia kwamba tunapomwamini mtu tunapima mambo matatu: uwezo wake, nia yake njema kwetu, na uadilifu wake. Skrini yako haionyeshi hata moja kati ya hayo. Inaonyesha kipanya kinasogea.

Usimjibu kwa kulalamikia kamera, atakuona una la kuficha. Mpe kitu bora cha kutazama. Mwambie: kila siku kabla sijafunga nitakuandikia mistari mitatu, nilichomaliza, kilichonikwamisha, ninachoanza nacho kesho. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuruka siku, na siku uliyokwama andika umekwama. Mistari ya kukwama ndiyo itakayomfanya aamini ile ya kumaliza. Kisha omba mzungumze habari ya kamera. Sikuahidi atakubali. Wapo wasiokubali, na hapo ujue tatizo halijawahi kuwa wewe.

#9 Fundi Vipimo

Naona tunazungumza kana kwamba imani ikiwa nyingi basi mambo yote shwari. Niwape mfano wa pili wa huko angani, maana Bawa la Pili ametangulia.

Chombo cha Mars Climate Orbiter kilirushwa Desemba 1998 kwenda kuzunguka sayari ya Mirihi, na tarehe 23 Septemba 1999 kikapotea kilipokuwa kikiwasili. Timu mbili zilikuwa zinashirikiana kukiongoza, moja ya Lockheed Martin, nyingine ya JPL, maabara ya NASA huko California. Programu ya upande mmoja ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, upande wa pili unazipokea kama vipimo vya metriki. Namba moja, maana mbili. Kila sekunde ya msukumo ilihesabiwa pungufu kwa zaidi ya mara nne, kosa likajilimbikiza miezi na miezi mpaka chombo kikaikaribia sayari chini mno.

Kinachonisikitisha ni kwamba baadhi ya waliokuwa wanafuatilia njia ya chombo waliona namba hazikai sawa kabla ya siku ile. Bodi ya uchunguzi ilisema, miongoni mwa sababu nyingine, kwamba njia za mawasiliano kati ya vikundi hazikuwa rasmi vya kutosha. Shaka ilikuwepo ila ilizunguka juujuu, haikupata mwenyewe wa kuifuata mpaka mwisho.

Sidhani kama watu wale walikuwa hawaaminiani. Kila upande uliamini mwenzake ameshahakiki. Kwa hiyo mimi nasema kuaminiana kwenye timu zilizotengana lazima kuwe na mahali pa kuhakiki ambapo kuulizwa si tusi. "Hii namba ni ya kipimo gani?" ni swali la heshima. Mtu akikasirika kwa kuulizwa hivyo, hapo ndipo pa kuanzia matengenezo.

#10 Muuguzi wa Usiku

Nachangia upande wa wodini, tunakoonana kila siku.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipokuwa mwanafunzi alichunguza timu za hospitali akitarajia kwamba zile nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Namba zikaja kinyume: timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Alipochimba akaona kwamba huenda hawakosei zaidi, bali wanasema zaidi. Mwaka 1999 akachapisha kazi yake mashuhuri kuhusu usalama wa mtu kusema kwenye timu bila kuogopa kuaibishwa. Ukifanya kazi wodini hilo hulisomi kitabuni. Ukipokea zamu kutoka kwa mtu, unajua kwa sauti yake kama anakwambia yote.

Nilipoanza kazi nilimcheleweshea mgonjwa dawa kwa saa mbili. Niliitazama karatasi ya dawa, kalamu mkononi, nafasi ya saa bado tupu. Dada mkuu wa zamu akaja, akatazama karatasi, akanitazama, akasema, "Andika saa uliyompa kweli. Halafu njoo tumtazame pamoja." Hakusema zaidi. Mgonjwa alikuwa salama. Baada ya hapo kwa dada yule nilikuwa nasema kosa langu kabla hajaliona. Mpaka leo nikipokea wageni kazini nafanya kama yeye.

Jambo dogo la pili. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2008, inataka kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Wengine waliona ni kupoteza muda, mbona tumevaa sare tunajuana. Lakini mtu akishasikika akisema jina lake, ni rahisi zaidi kufungua mdomo mara ya pili akiona kitu hakiendi sawa. Nadhani hata mikutano yenu ya video ingefaidika. Yule asiyesema neno katika dakika tano za mwanzo, mara nyingi hasemi kabisa.

#11 Mzee wa Meza

Muuguzi, umenifundisha.

Naongeza moja juu ya vikao vya mchanganyiko, maana ndilo kosa langu mwenyewe la miaka. Watano chumbani, watatu kwenye skrini ya ukutani. Tunacheka kitu, wale hawajasikia. Kikao kinaisha, tunafunga skrini, halafu tukielekea mlangoni ndipo tunaamua jambo la maana. Kesho yake wale watatu wanakuta uamuzi umebadilika. Ukitaka kuona imani ikivuja tone kwa tone, ni hapo mlangoni.

Siku hizi mmoja akiwa mbali, wote tunakaa kila mtu na kompyuta yake, hata kama tuko jengo moja. Wa mbali ndio wanaoanza kuzungumza. Na lililosemwa mlangoni halihesabiki mpaka liandikwe kwenye kundi.

#12 Kipimajoto

Swali langu bado: kwa Mwenzetu mmefanya nini?

#13 Mshona Nyavu

Mrejesho, wakuu. Nilichelewa kurudi kwa sababu sikutaka kuandika kabla sijafanya.

Nilimpigia simu. Nilikuwa nimepanga kuandika baruapepe ndefu, nikaiandika kweli, nikaifuta. Kwa simu nilimwambia tulichosema dirishani, pamoja na neno langu mimi. Sikumtajia majina ya wengine. Nikamwambia hatukuwa na sababu ya kumhukumu, na kwamba kumnyang'anya kazi bila kumwandikia lilikuwa kosa, halikuwa suala la kutoelewana. Kisha nikanyamaza. Naye akanyamaza, nikamsikia anapumua. Akasema, "Nilidhani mnajua nilivyo." Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyohivyo, sina jibu.

Msamaha wa simu ungebaki wa watu wawili, na yeye alivunjiwa heshima mbele ya wote. Kwa hiyo kesho yake nikaandika kwenye kundi, mistari minne, kwamba kazi ile ilichukuliwa kimakosa, yeye alikuwa ametoa taarifa kwa wakati, na inarudi kwake. Kiongozi naye akaongeza kwamba hakuweka mtu wa kumshikia nafasi alipoondoka. Yule dada aliyekuwa amenyamaza akaandika kwamba angepaswa kusema. Sikumuomba aandike.

Tukaweka ya Bi. Ratiba: "nimeipata" na lini. Tukaweka karatasi moja ya pamoja mtandaoni inayoonyesha nani yupo, nani hayupo, na nani anamshikia. Mwenzetu mwenyewe ndiye aliyependekeza kila mtu awe na njia ya pili ya kupatikana, hata ya jirani.

Wiki mbili za kwanza iliendelea kuwa "sawa", "sawa". Nilianza kukata tamaa. Juzi nikatuma pendekezo la kupunguza hatua moja kwenye ukaguzi wa makato ili tuokoe muda. Watu wanne wakakubali. Saa 5 usiku kwa saa zetu simu ikalia, ni yeye, kwenye kundi, mbele ya wote:

"Hapo sikubaliani nanyi. Mshona, umesahau wanaolipwa kwa siku. Nimeambatanisha mfano. Umeme hapa unaweza kukatika muda wowote, nikipotea nitakuwa hewani kesho 15:00 saa zenu."

Nikafungua mfano. Alikuwa sahihi. Nikaandika, "Nimeipata."